Ukuta wa Pembetatu: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Iliyopamba Sebule kwa Mikono Yake

Kisa hiki kinahusu sebule moja, kuta tatu na kazi iliyofanywa na familia yenyewe bila kumwita fundi. Majina, mahali na kila alama inayoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa. Nimekichagua kwa sababu vifaa vyao vilikuwa vizuri, mchoro wao ulipendeza na mikono yao ilikuwa makini, na bado sehemu kubwa ya kazi ya kwanza iling'oka ukutani jioni moja. Anayetaka kupamba kuta za nyumba yake kwa gharama ndogo atajifunza zaidi kutokana na kazi ya namna hii kuliko kutokana na kazi iliyoharibiwa na uzembe wa wazi.

Usuli

Familia ilikuwa ya watu wanne: mume na mke, binti wa miaka 16 mwenye kipaji cha kuchora, na mvulana mdogo wa miaka minne. Nyumba walikuwa wameinunua ikiwa imekaliwa kwa miaka mingi na watu wengine, na sebule yake, yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, ilikuwa imepakwa rangi moja ya krimu kuta zote nne. Rangi hiyo ilikuwa nzima, haikuwa na nyufa wala mabaka, na ilikuwa na mng'ao kidogo uliosaidia alama za mikono ya mtoto kufutika kwa urahisi. Kwa macho ya mtu yeyote, huo ulikuwa ukuta mzuri wa kuanzia.

Mpango waliupanga pamoja. Ukuta mrefu unaotazamana na mlango ungepakwa kijivu chepesi kisha ungechorwa pembetatu kubwa za bluu iliyokoza na za rangi ya ufinyanzi. Ukuta wa nyuma ya kochi ungebeba picha za familia na michoro ya binti. Ukuta mfupi wenye dirisha, ambao ndio wa nje, ungebandikwa karatasi ya ukutani yenye gundi nyuma yake, kuanzia sakafuni hadi chini ya dirisha. Ukuta wa nne ungeachwa kama ulivyo ili macho yapate pa kupumzika, na huo, kwa maoni yangu, ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote waliyofanya siku ile.

Kazi ya kwanza ilivyokwenda

Walianza Jumamosi asubuhi. Ukuta mrefu ulifutwa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, ukakauka, kisha ukapakwa rangi ya maji ya kijivu kwa rola, mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, wa pili ukifuata saa chache baada ya wa kwanza. Jumapili binti alipima pembetatu kwa tepu na pima maji, akaweka alama za penseli nyepesi, akabandika utepe wa karatasi kwenye kila mstari, na baba yake akajaza rangi. Matone hayakuonekana popote. Waliuacha utepe usiku kucha na siku nzima iliyofuata kwa kuamini kwamba rangi ikikauka kabisa mistari ingetoka safi zaidi.

Jumatatu jioni binti alivuta utepe wa kwanza kutoka juu. Sentimita kumi za mwanzo zilitoka vizuri, kisha utepe ukaanza kuja na ukanda wa rangi uliokuwa ukipanuka kadiri ulivyoshuka: bluu juu yake, kijivu chini yake, vyote vimeshikana kama ngozi moja nyembamba ya plastiki. Ukutani palibaki krimu ya zamani, safi na yenye mng'ao uleule. "Baba, imetoka yote hadi ile ya chini," alisema, na alikuwa sahihi. Walivuta tepe zilizosalia polepole, wengine wakikandamiza rangi kwa vidole, lakini kila mstari uliacha vidonda.

Ukuta wa dirisha ulichelewa kuonyesha tatizo lake. Karatasi ilibandikwa wiki hiyohiyo, ikapendeza, na kwa muda wa wiki mbili hakuna aliyeitilia shaka. Kisha viputo vikajitokeza katika sentimita 30 za chini, kona moja ikainuka, na mama alipoivuta alikuta unga mweupe umeganda nyuma yake na rangi ya krimu imelegea kama maganda.

Ukuta wa picha, kwa upande wake, ulikwenda vizuri tangu mwanzo. Mama alikata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu, akayapanga sakafuni hadi mpangilio ukamridhisha, akaweka kwenye kila gazeti alama ya mahali msumari utakapopita, kisha akayabandika ukutani kwa utepe na kuyaacha siku mbili kabla ya mtu yeyote kushika nyundo.

Walivyotofautiana

Baada ya hasara hiyo familia iligawanyika kimawazo. Baba alitaka kuziba vidonda vya ukuta mrefu kwa puti na kupaka upya sehemu zile tu, kwa kuwa kwingine rangi ilionekana imeshika. Mama alitaka kutundika kitambaa cha mapambo mbele ya sehemu iliyoharibika ya ukuta wa dirisha. Binti alidhani kosa lilikuwa la utepe wenye gundi kali kupita kiasi. Mawazo yote matatu yalikuwa na mantiki, na kila moja lingeficha tatizo kwa miezi michache. Hapo ndipo nilipoombwa ushauri, nami nikawasihi wasinunue kitu chochote kwanza, bali wauchunguze ukuta.

Uchunguzi

Vipimo vilikuwa vitatu, vyote vya vifaa vinavyopatikana nyumbani.

Cha kwanza kilikuwa cha kutambua aina ya rangi ya zamani. Pamba iliyoloweshwa spiriti ilisuguliwa kwenye kona isiyoonekana. Rangi ya maji hulainika na kuacha alama kwenye pamba, ilhali rangi ya mafuta haibadiliki. Pamba ilibaki nyeupe. Rangi ya krimu ilikuwa ya mafuta, na rangi ya maji iliyopakwa juu yake bila kukwaruzwa wala kuwekewa praima, yaani rangi ya msingi inayosaidia rangi ya juu kushika, haikuwa na kitu cha kushikilia. Ilikuwa imelala juu yake tu.

Cha pili kilikuwa cha kupima mshiko katika zile sehemu ambazo baba aliamini ziko salama. Kwa wembe tulikata mistari midogo inayopishana kama wavu, tukabandika utepe juu yake, tukaukandamiza kwa ukucha na kuuvuta kwa ghafla. Karibu visanduku vyote vilitoka na utepe. Jaribio hilo ndilo lililomaliza hoja ya kuziba vidonda, kwa maana lilionyesha kwamba rangi yote ya kijivu ilikuwa katika hali ileile na ilikuwa ikingoja tu kiti kigonge ukuta au mtoto achokonoe ukingo.

Cha tatu kilifanywa kwenye ukuta wa dirisha. Baada ya karatasi na rangi iliyolegea kuondolewa, kipande cha plastiki angavu cha takriban sentimita 45 kila upande kilibandikwa karibu na sakafu, kingo zote nne zikazibwa kwa utepe, kikaachwa saa 24. Matone yakionekana upande wa chumbani, unyevu unatoka kwenye hewa ya chumba na dawa yake ni kupitisha hewa zaidi. Yakionekana upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Yalionekana upande wa ukuta. Tulipotoka nje tukakuta udongo wa bustani umerundikwa ukutani hadi juu ya usawa wa sakafu ya ndani, na maua yaliyopandwa hapo yalikuwa yakimwagiliwa kila jioni. Maji yalipenya, yakayeyusha chumvi zilizomo ndani ya matofali na plasta, yakafika uso wa ndani na kukauka, yakiacha chumvi hizo kama unga mweupe. Karatasi yenye gundi haikuwa chanzo, ingawa ilichangia, kwa kuwa ilizuia ukuta kutoa unyevu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuondoa rangi yote ya kijivu na bluu kwenye ukuta mrefu. Ulimuuma binti kwa sababu ya saa alizotumia kupima, lakini mchoro ulikuwa umehifadhiwa kwenye karatasi pamoja na vipimo vyake. Kwa kuwa rangi haikuwa imeshika, kazi ya kukwangua ilikuwa nyepesi kuliko walivyohofia.

Uamuzi wa pili ulihusu msasa, na hapa usalama ulitangulia uzuri. Umri wa rangi ya mafuta haukujulikana, na rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku matumizi yake katika rangi za nyumba mwaka 1978 tu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na vumbi la msasa ndiyo njia mojawapo rahisi ya kumfikia. Kwa hiyo ukuta haukusuguliwa mkavu. Walitumia msasa wa maji, wakiulowesha mara kwa mara, wakiwa wamevaa barakoa za vumbi na kutandika plastiki sakafuni. Mvulana alipelekwa kwa jamaa hadi usafi ukamilike, na matambara yaliyotumika yalifungwa na kutupwa badala ya kufuliwa. Kama rangi ya zamani ya ukuta huo mrefu ingekuwa inapukutika yenyewe, ningewashauri wasiiguse kabla ya kipimo cha maabara.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kusubiri. Udongo wa nje uliondolewa hadi chini ya usawa wa sakafu, maua yakahamishwa, na unga wa chumvi ukapanguswa kwa brashi kavu. Kuuosha kwa maji kungeirudisha chumvi ndani. Kwa makadirio ya mafundi, ukuta wa matofali hukauka kwa kasi ya milimita 25 hivi kwa mwezi, na kwa sababu hiyo ukuta wa dirisha uliachwa wazi miezi kadhaa, bila rangi, karatasi wala kitambaa. Mama hakuupenda uamuzi huu, na ninamwelewa, maana plasta iliyobanduka katikati ya sebule ni aibu mbele ya wageni. Alikubali alipoona kipimo cha plastiki kikirudiwa mwezi uliofuata na matone bado yapo, ingawa machache.

Kazi ya pili

Ukuta mrefu ulioshwa kwa maji ya sabuni, ukasuuzwa, ukasuguliwa hadi mng'ao wote ukafa, ukafutwa, kisha ukapakwa praima inayofaa kushika kwenye rangi ya mafuta. Ukubwa wake ni mita 5 kwa kimo cha mita 2.7, yaani mita za mraba 13.5. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini huenea mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, hivyo lita 3 zilitosha kwa mikono miwili ya kijivu na kubakiza kidogo cha marekebisho. Safari hii waliacha muda kamili ulioandikwa kwenye kopo kati ya mkono na mkono, na siku mbili nzima kabla ya kubandika utepe.

Mbinu ya utepe nayo ilibadilika, na naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoamua kama mchoro wa nyumbani utaonekana wa kitaalamu. Utepe ulipobandikwa, ukingo wake wa ndani ulikandamizwa kwa kadi ngumu. Kisha ukingo huo ulipakwa kijivu, rangi ileile ya chini, kwa brashi ndogo. Rangi ya kwanza kupenya chini ya utepe ndiyo inayoziba mianya. Ikiwa ni ileile ya ukuta, haionekani, na bluu inayofuata haipati njia. Baada ya hapo pembetatu zilijazwa kwa mikono miwili myembamba, na utepe ukavutwa wakati mkono wa mwisho bado una unyevunyevu, ukikunjwa kurudi juu yake wenyewe kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, taratibu. Rangi iliyokauka kabisa hufanya utando mmoja unaopita juu ya utepe na ukuta kwa pamoja, na ndiyo maana kuchelewa kwao mara ya kwanza kulizidisha madhara. Palipokauka mapema, binti alipitisha wembe kwenye mstari kabla ya kuvuta.

Ukuta wa dirisha ulipokauka, plasta iliyolegea ilibanduliwa na kuzibwa, na mpango wa karatasi ukaachwa. Badala yake walipaka rangi ya maji isiyong'aa inayoruhusu unyevu kupita, kisha binti akakata stensili ya jani, yaani kiolezo chenye tundu la umbo la jani, kwenye plastiki ngumu na kuichapa kama mkanda mmoja chini ya dirisha. Alichovya ncha ya brashi tu, akaipangusa kwenye kitambaa hadi ikaonekana karibu kavu, akagonga wima bila kupaka kwa kuburura. Jani la kwanza, alilolijaribu kwenye boksi, lilivuja kingo zote kwa sababu brashi ilikuwa imelowa. La pili lilitoka safi, na hakuhitaji kuambiwa kwa nini.

Matokeo baada ya mwaka mmoja

Nilirudi kuiona sebule baada ya mwaka. Ukuta wa pembetatu umeshika. Kipimo cha wembe na utepe, tulichokifanya nyuma ya kabati, hakikung'oa kisanduku hata kimoja. Mistari ni mikali isipokuwa sehemu mbili karibu na dari, ambako mkono ulichoka na utepe haukukandamizwa vizuri. Ukuta wa dirisha hauna unga mweupe, na majani ya stensili yako vilevile. Picha hazijaguswa tangu zipandishwe.

Uchambuzi

Kilichosababisha hasara ya kwanza kilikuwa mpangilio wa maamuzi. Familia ilichagua mchoro, ikachagua rangi, ikanunua utepe, na ukuta ukaja kuulizwa mwishoni, baada ya kila kitu kununuliwa. Pamba na spiriti, dakika tano, vingewaambia Jumamosi asubuhi kwamba wanahitaji msasa na praima. Plastiki ya saa 24 ingewaambia kwamba karatasi haifai kwenye ukuta wa nje hadi unyevu ushughulikiwe. Mapambo mengi ya kujifanyia, iwe rangi, vibandiko, karatasi au stensili, hutegemea uso wa ukuta kwa mshiko wake wote, na uso unaopendeza machoni hauonyeshi kilicho chini.

Ni muhimu pia kutenganisha makosa mawili ambayo familia iliyaona kama bahati mbaya moja. Rangi iliyong'oka kwa ukanda mzima na kuacha chini pasafi penye mng'ao ilikosa mshiko. Rangi iliyolegea kwa maganda yenye unga nyuma yake ilisukumwa na maji. La kwanza hutibiwa ndani ya chumba kwa siku chache. La pili haliwezi kutibiwa ndani ya chumba hata kidogo, kwa kuwa chanzo chake kiko nje, na kitambaa cha mapambo kingelifunika huku ukuta ukiendelea kulowa na kuvu ikipata kivuli cha kukulia.

Ukuta wa picha unastahili sifa kuliko ulivyosifiwa nyumbani kwao. Ulifaulu kwa sababu ndio ukuta pekee ambao kosa lake lilifanyika kwenye gazeti. Mama aligundua mapema kwamba kundi lake la kwanza lilikuwa pana kuliko kochi, akalipunguza hadi likawa na upana wa takriban theluthi mbili za kochi. Aligundua pia kwamba alikuwa ameziweka picha juu mno, akazishusha hadi fremu za chini zikawa sentimita 20 tu juu ya mgongo wa kochi, na nafasi kati ya fremu na fremu zikawa sentimita 6. Picha zinazotundikwa mbali juu ya kochi huonekana kama zinaelea, na hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi majumbani. Misumari ilipopigwa, kila tundu lilikuwa na kazi yake.

Kuhusu rangi zenyewe nina pingamizi moja. Bluu waliyoichagua dukani ilionekana ya kina na tulivu, lakini sebuleni, chini ya taa zenye mwanga wa manjano, usiku hugeuka karibu nyeusi na kuufanya ukuta usogee mbele. Wangepaka kadi kubwa mikono miwili na kuihamisha ukutani asubuhi, mchana na usiku, wangechagua bluu nyepesi kidogo. Hata hivyo binti anaipenda ilivyo, na chumba ni chao.

Panabaki sehemu moja dhaifu. Kuzunguka swichi ya taa, upana wa vidole viwili, rangi imeanza kubanduka, kwa sababu hapo hawakusugua wala kupaka praima wakiogopa umeme. Hofu yao ilikuwa ya haki. Njia waliyoitumia ndiyo haikufaa. Umeme ukizimwa kwenye swichi kuu na kuthibitishwa kwamba umekatika, kifuniko cha swichi hufunguliwa kwa skrubu mbili, ukuta ulio chini yake husuguliwa kwa msasa mkono ukiwa mbali na nyaya, bila maji, hupanguswa, hupakwa praima na rangi hadi ndani ya ukingo, kisha kifuniko hurudishwa kila kitu kikishakauka. Rangi ya nyumba hiyo ilikuwa bado haijapimwa risasi, kwa hiyo nimewashauri wapeleke kwanza kipande kidogo cha krimu maabara, na kiraka hicho cha swichi kisubiri majibu.